Mji Mkuu Uliohamwa: Kutoka Boma la Majid hadi Magomeni

Jumatano

Nimetoka Dodoma na treni ya umeme, na baada ya mwendo wa saa tatu na ushei nikawa nimeshashuka Dar es Salaam. Walimu wenzangu walicheka niliposema likizo hii naenda kutalii Dar. Anayetaka utalii huenda Zanzibar, Kilwa au Ngorongoro. Dar watu huenda kwa mzigo wa Kariakoo, kwa rufaa ya Muhimbili, kwa kesi au kwa harusi. Mimi nafundisha Historia, na kila mwaka naandika ubaoni kwamba mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam, na kwamba mwaka 1973 ikaamuliwa yahamie Dodoma. Safari hii nimekuja kuona kitu ambacho kitabu cha kiada hakisemi: serikali ikishahama, majengo yake hufanya kazi gani?

Reli yenyewe ni sehemu ya hadithi hiyo. Wajerumani walianza kuitandika Reli ya Kati hapa hapa mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, na muda si mrefu vita vikawakuta. Stesheni ya zamani bado ipo.

Nimefikia kwa mama mdogo, Magomeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Hivi ni kweli umesafiri kutoka Dodoma kuja kuangalia magofu?"

Wali wa nazi, changu wa kukaanga, feni ya juu kasi ya mwisho. Nimelala mapema.

Alhamisi

Nimepanda mwendokasi Magomeni Mapipa, nikasimama njia nzima, nikashuka City Council. Hatua chache kutoka kituoni, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Sokoine Drive, ndipo lilipo Boma la Kale. Wengi hulipita wakidhani ni ghala la bandari. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba mtoto angeweza kulala kwenye kina cha dirisha. Mlango ni wa nakshi, wa Kiswahili hasa. Ukiingia utashangaa vyumba ni virefu lakini vyembamba. Sababu iko juu ya kichwa chako: dari limebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwi ndefu sana, kwa hiyo upana wa chumba ni ule ambao mti ulikubali. Mji wote wa kale wa pwani ulipimwa kwa mti huo.

Aliyelijenga ni Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, mwaka 1866 na 1867. Kabla yake hapa palikuwa na kijiji cha wavuvi cha Mzizima. Majid aliipenda bandari: kina kirefu, mdomo mwembamba, ndani maji yametulia. Akajenga jumba lake, nyumba za wageni wake, akaanza kuwaita wafanyabiashara. Mwaka 1870 akafariki, na ndugu yake Barghash aliyemrithi hakuwa na haja na mji huo. Ukakaa hivyo, nusu umejengwa, hadi kampuni ya Wajerumani ilipoweka kituo hapa mwaka 1887. Jumba la Majid halipo tena. Boma limebaki, na nadhani limebaki kwa sababu moja tu: kila aliyekuja alilihitaji. Wajerumani walilitumia, Waingereza wakalitumia, Serikali yetu nayo ikaweka ofisi zake. Tangu mwaka 2017 ni kituo cha urithi wa usanifu wa majengo wa Dar es Salaam, chenye maonyesho ya jinsi mji ulivyokua.

Kijana wa mapokezi aliposikia natoka Dodoma akasema, "Mwalimu, nyie mmetuchukulia Serikali, sasa mmefuata na nyumba?" Nikamjibu Serikali tumepewa, hatukuchukua. Tukacheka, akanionyesha picha za mtaa huo huo miaka zaidi ya mia iliyopita: mawe meupe, minazi, na majahazi pale ambapo leo kuna makontena.

Kwa Sokoine Drive hiyo hiyo kuna Atiman House, nayo ya enzi za Majid. Inaelezwa kuwa ilijengwa kwa ajili ya wake zake. Baadaye ikaja kuwa ya mapadri, Wamisionari wa Afrika, na jina lake la sasa ni la Adrian Atiman. Huyu alitekwa utotoni huko Afrika Magharibi na kuuzwa utumwani. Wamisionari wakamkomboa, akasomea tiba Malta, akaja Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Alitibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Nyumba ya sultani yenye jina la aliyekuwa mtumwa! Laiti ningekuwa na darasa langu pale barabarani ningewasimamisha juani nusu saa, wanichukie, lakini wasisahau.

Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo Wajerumani walianza kulijenga mwaka 1897 likakamilika mwaka 1902, lilikuwa wazi. Ndani kuna ubaridi na vioo vya rangi nyuma ya altare. Nje honi, ndani wamama wawili wanasali rozari kimya. Mbele kidogo kuna Azania Front, la Walutheri, lililoanza mwaka 1898. Hili ndilo lililoniteka. Paa la vigae vyekundu, mnara unaoelekea baharini, na juu ya madirisha kuna vipaa vidogo vya vigae vya kuzuia jua na mvua. Fundi aliyewaza hivyo aliujua mwezi wa nne wa pwani. Majengo ya vioo yanayolizunguka siku hizi hayana hata kivuli cha kujikinga nacho. Yamewekewa viyoyozi tu. Kanisa halikuhitaji kubadilishiwa kazi, waumini walikuwepo kabla ya uhuru na wapo leo. Jumapili zinajaa.

Chakula cha mchana nimekula Feri, pweza na mihogo, pilipili ya kutosha. Hapo jirani ni Magogoni, Ikulu. Wajerumani walijenga ya kwanza, mizinga ya meli za Kiingereza ikaiharibu wakati wa Vita ya Kwanza, na Waingereza wakaijenga upya mwaka 1922 kwa mchoro wenye sura ya pwani, matao na kuta nyeupe. Kupiga picha hairuhusiwi, wala kusimama-simama. Sisi Dodoma tunayo ya Chamwino, iliyozinduliwa Mei 2023, lakini hapa neno Magogoni bado linatamkwa kwa sauti ya chini, kama mwenye nyumba yuko chumba cha pili.

Ijumaa

Joto la kunyonga tangu saa mbili asubuhi. Nimeanzia Sanamu la Askari, pale Samora inapokatana na Azikiwe. Wazee waliokulia mjini hadi leo hulitaja kama Bismini. Ni askari wa shaba aliyeinamisha bunduki, singe ikielekea bandarini. Lilizinduliwa mwaka 1927, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Magari yanalizunguka kutwa na sikumwona mtu mwingine aliyesimama kusoma maandishi. Nami niliyasoma nikiwa nimebanwa na muuza korosho aliyedhani nimesimama kwa ajili yake.

Yameandikwa kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Yanawakumbuka askari Waafrika, na yanawakumbuka pia wapagazi, wakiitwa miguu na mikono ya jeshi. Hapo nilikaa muda mrefu. Askari ana sanamu, mpagazi ana mstari mmoja kwenye jiwe, na ukifikiria vita ile ilivyokwenda, mpagazi ndiye aliyekufa zaidi: kwa njaa, kwa kuhara, kwa malaria, akiwa na mzigo wa risasi za mtu mwingine kichwani. Kambi yao hapa mjini ndiyo leo Kariakoo. Kwa hiyo wao walipata soko, na pengine hilo ni kubwa kuliko sanamu, ingawa nani anayegombea bei ya vitenge huwafikiria?

Kabla ya askari huyu mji ulikuwa na sanamu la Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyeletwa na jeshi kuzima vita vya Abushiri vya 1888 na 1889. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Waingereza walipoutwaa mji Septemba 1916 walimwondoa Wissmann. Akaishia Hamburg, akasimamishwa tena mbele ya chuo kikuu mwaka 1922, na miaka ya 1960 wanafunzi wa Kijerumani wenyewe wakamvuta kwa kamba wakamwangusha. Hiyo nitaisimulia darasani wiki ya kwanza kabisa.

Makumbusho ya Taifa iko Mtaa wa Shaaban Robert, na ni vizuri kwamba njia ya kuendea historia imepewa jina la mshairi. Ilifunguliwa mwaka 1940 kwa jina la mfalme George wa Tano. Watoto wa shule walikuwa wengi, sare za rangi tatu nne, wamepanga foleni mbele ya Zinjanthropus, fuvu ambalo Mary Leakey aliligundua Olduvai Julai 1959, umri wake kama miaka milioni 1.75. Mtoto mmoja aliuliza, "Huyu naye alikuwa Mtanzania?" Mwalimu wake akasema swali zuri, akahamia kwenye kabati linalofuata. Namwelewa.

Uani kuna kumbukumbu ya shambulio la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998, lililoua watu 11 hapa Dar siku ile ile lilipotokea la Nairobi. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka redio ya baba.

Nimepumzika Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kwa ajili ya kujaribu mazao. Tausi walikuwa wanatembea kama watu wenye hatimiliki. Jirani ni viwanja vya Karimjee: ukumbi ambamo Bunge lilikuwa likikaa miaka ya mwanzo ya uhuru. Siku hizi watu wanaujua kwa sababu mbili, sherehe na kuaga viongozi waliofariki. Kuna mtu atasema ni kushushwa hadhi. Sioni hivyo. Ukumbi uliofungwa kwa heshima ya historia ungeshaliwa na mchwa.

Jioni nimepita barabara ya ufukweni, iliyopewa jina la Barack Obama mwaka 2013, hadi Ocean Road. Hospitali hii Wajerumani waliijenga mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu, na Robert Koch, daktari na mtafiti wa Kijerumani, alifanya hapa utafiti wa malaria. Waafrika walikuwa na hospitali yao, iliyotokana na fedha za Sewa Haji, tajiri wa Kihindi ambaye jina lake bado liko kwenye wodi ya Muhimbili. Leo Ocean Road ni taasisi ya saratani na wagonjwa wanatoka mikoa yote. Getini nilikaa na bibi mmoja kutoka Kigoma aliyekuwa anasubiri mwanawe. Nilimwambia jengo lile lina zaidi ya miaka mia. Akalitazama, akasema, "Basi limezeeka kuliko mimi, na bado linafanya kazi." Akanigawia nusu ya chungwa lake.

Jumamosi

Bagamoyo, kama kilomita 70 kaskazini. Daladala kutoka Makumbusho, kupita Tegeta, Bunju, Mapinga. Huwezi kuuelewa mji mkuu wa pili bila kuuona wa kwanza.

Nilianzia Kaole. Magofu ya msikiti wa karne ya 13, makaburi ya matumbawe, mengine yana nguzo ndefu juu, na mashimo madogo ya duara palipokuwa pamepachikwa bakuli za Kichina. Kumbe kabla ya Majid, kabla ya Mreno, watu wa hapa walikuwa wanazika wakubwa wao na vyombo vya China. Bahari imejisogeza mbali, katikati kuna mikoko. Kwenye kaburi la Sharifa kulikuwa na ubani, na akina mama waliokuja kuomba dua. Mtembezaji akatuomba tushushe sauti mpaka wamalize. Hapo ndipo nilipoona kwamba kazi ya jengo si lazima iwe ofisi.

Bagamoyo mjini, misheni ya Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868 na kuwa na kijiji cha watumwa waliokombolewa. Hapa ndipo mwili wa Livingstone ulipofikishwa Februari 1874, umebebwa kutoka bara na watumishi wake, Chuma na Susi na wenzao. Kuna mbuyu uliopandwa na mapadri, na ndani ya shina umemeza mnyororo. Boma la Wajerumani la mwaka 1897 lipo, lakini ukipiga hesabu utaona: lilijengwa miaka sita baada ya makao makuu kuhama. Walioondoka waliacha makao ya wilaya tu.

Kwa nini walihama? Nilipata jibu kwa kusimama ufukweni tu. Maji yalikuwa yamekupwa na ngarawa zimelala kwenye mchanga mbali kabisa. Meli kubwa ilikuwa lazima itie nanga mbali na mizigo ishushwe kwa mashua. Dar meli inaingia hadi ndani. Majid alikuwa ameliona hilo miaka zaidi ya ishirini kabla yao.

Kurudi nikashukia Mtongani kuona magofu ya Kunduchi. Sitaandika mengi. Makaburi ya nguzo kama ya Kaole, msikiti wa kale, mibuyu. Sahani zilizokuwa zimepachikwa nyingi zimetoweka. Majani yalifika kiunoni, na kijana wa bodaboda aliyenipeleka, mzaliwa wa hapo hapo, ndiyo kwanza alikuwa anaingia. Hakuna anayesali hapo, hakuna anayefanya kazi hapo, wageni ni wachache. Kati ya vyote nilivyoviona wiki hii, hiki ndicho kilichonikera. Wanaohusika na kukitunza wangeanza na fyekeo na kibao cha barabarani, hayo mawili tu.

Jumapili

Miguu imevimba. Nimetoka jioni tu, Mnazi Mmoja kwenye mnara wa Mwenge, kisha Mtaa wa Lumumba, ambapo TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, watu 17 wakiwa waasisi. Msingi wake ulikuwa African Association ya mwaka 1929, ambayo Kleist Sykes alikuwa katibu wake wa kwanza. Mtaa umejaa wauza jezi na viatu. Soko la Kariakoo nililitazama kwa nje: mchoro wa Beda Amuli, lililofunguliwa Desemba 1975, miavuli ya zege iliyobuniwa ikinge mvua na kuipeleka kwenye matangi chini ya ardhi. Liliungua Julai 2021. Kahawa na kashata kibarazani, ubishi wa Simba na Yanga, nyumbani.

Jumatatu

Leo sikuhitaji nauli. Nyumba aliyokuwa akiishi Mwalimu Nyerere wakati wa kupigania uhuru iko Magomeni hii hii, Mtaa wa Ifunda, na ni makumbusho. Mama mdogo amekaa Magomeni tangu alipoolewa na hajawahi kuingia. "Nyumba ya jirani unaingia kwa msiba au kwa karamu, utaingiaje hivi hivi?" Nikamwambia leo tunakaribishwa. Akavaa kitenge kipya.

Mwalimu aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955 kwa sababu alitakiwa achague kati ya kazi na siasa. Nyumba ni ya kawaida ya Magomeni: bati, baraza, vyumba vidogo, samani za wakati ule, picha ukutani. Baada ya Ikulu, Boma na minara ya makanisa, macho yangu yalikuwa bado yanatafuta ukubwa. Hapakuwa na ukubwa. Watu walikuja hapa, wakakaa kwenye viti hivi, wakapanga namna ya kuitwaa ile nyumba nyeupe ya Magogoni.

Mama mdogo alizunguka akiwa kimya, jambo ambalo si kawaida yake. Akapima sebule kwa hatua, ukuta hadi ukuta, akarudia. "Mwanangu, sebule yangu kubwa kuliko hii." Mhudumu akacheka, akasema hayo anayasikia mara kwa mara. Mama akaanza kumhoji: maji walichota wapi, jiko lilikuwa upande gani, Mama Maria alianika wapi. Mengine yalijibiwa, mengine yakawa mjadala, na mwishowe mama ndiye aliyekuwa anamweleza mhudumu jinsi maisha ya Magomeni yalivyokuwa, bomba la mtaa, taa za mafuta, barabara ya vumbi. Mhudumu akatoa daftari lake binafsi akawa anaandika.

Tulipomaliza akatuletea kitabu cha wageni. Juu ya mstari wetu kulikuwa na mtu wa Ujerumani na wanafunzi wa Mbagala. Mama akaandika jina lake polepole, kwa herufi kubwa. Kwenye safu ya unakotoka akaandika Magomeni, akafikiri kidogo, akaongeza pembeni: jirani.